Mzee Abdiel na Chemchemi ya Kambi

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Mzee Abdiel Nnko, fundi wa maji wa kambi yetu ya jeshi, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Ni raia, hajawahi kushika bunduki, na katika kipindi chote hicho ndiye pekee aliyewahi kutuepusha na mapigano.

Alipoajiriwa mwaka 1992, chemchemi iliyo juu yetu, kwenye mteremko wa Mlima Meru, ilijaza tangi kwa saa tano. Kila mwezi alipanda kuipima. Kila mwaka aliandika taarifa: mvua zinachelewa, maji yanapungua, tupange mapema. Ofisi ya mipango ilizipokea kwa heshima na kuzifungia kwenye jalada la "Mengineyo". Nina uhakika, maana karani aliyezifungia ni mimi. Ofisi ilikuwa na shughuli nzito: kuchora, kwa penseli za rangi nne, njia atakazopita adui kutoka mbali.

Mwaka mmoja alisimama kikaoni, akaeleza kuwa tangi sasa linajaa kwa saa kumi na moja. Meja Nasri, mkuu wa mipango, akamuuliza kama anashauri tulipige jua kwa mizinga. Tulicheka mno. Mzee akakunja karatasi yake, akaketi.

Mwaka 2022 mvua ziligoma kabisa. Wafugaji wa bondeni walikaukiwa maji, wakaanza kupanda kwenye chemchemi yetu. Meja akatuma askari kumi na wawili kudhibiti "uvamizi". Wavamizi walikuwa akina mama thelathini wenye punda na madumu, wakiongozwa na Mama Nanyori. Saa hiyohiyo bustani ya ofisi ya mipango ilikuwa ikimwagiliwa.

"Rudini nyuma!" askari mmoja akafoka, bunduki ikiwa begani.

"Nirudi wapi, mwanangu?" Mama Nanyori akamjibu. "Ng'ombe wameisha. Wamebaki watoto."

Mzee Abdiel akapita katikati yao na spana yake. Akafunga bomba la bustani, akawafungulia akina mama. Askari, ambao wenyewe walikuwa na siku tisa bila kuoga, wakaweka silaha chini na kuanza kuwashikia madumu.

Meja alifika akihema. "Nani amekupa amri ya kukata maji ya bustani?"

"Hakuna, afande. Na ya kuwapiga risasi mama zetu alitoa nani?"

Mzee alipewa onyo la maandishi. Meja alipewa safari ya Dar es Salaam, akasoma mada kuhusu tabianchi na ulinzi, tarakimu zote zikiwa za Mzee, akarudi Luteni Kanali. Mada hiyo niliichapa mimi, na jina la Mzee halimo.

Tangu hapo kijiji huchota asubuhi, kambi jioni, kwa ratiba aliyoipanga Mzee pamoja na Mama Nanyori. Hakuna aliyerushiwa hata jiwe.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, aliomba aajiriwe fundi mwingine kabla hajaondoka. Kamati imejadili kwa kina. Tutamkabidhi saa ya ukutani.

Mzee Abdiel, ipokee. Asante kwa maji, asante kwa maisha ya watu. Utusamehe, nami unisamehe wa kwanza. Uishi miaka mingi ya raha nyumbani kwako Usa River, na mvua zikufikie kwa wakati.