Maoni ya Wananchi kwa Kikombe cha Bure

Kijiwe chetu kiko nje ya duka la Fundi cherehani, mkabala na kituo cha afya ambacho siku hizi kimebakiwa na mlango mmoja tu ulio wazi, wa kutolea vidonge vya kichwa. Benchi ni moja, refu, mguu mmoja umelegea, na hukaliwa na watu walewale. Yupo Gavana, aliyekuwa tarishi wa benki kuu. Amebeba mafaili kutoka ghorofa hadi ghorofa maisha yake yote, kwa hiyo anaamini uchumi wa nchi umepita mikononi mwake. Yupo Breki, dereva wa lori lililopandishwa juu ya mawe tangu mafuta yapande bei. Yupo Mama Birika, muuza kahawa wetu, ambaye zamani alikuwa mfanya usafi katika wodi ya wazazi hapo ng'ambo ya barabara, mpaka wodi ilipofungwa naye akapunguzwa. Fundi mwenyewe hakai nasi, hushona mlangoni huku sikio liko kwetu. Na mimi, fundi redio, nawachukia wote hawa kwa maneno mengi, na kila jioni nawahi nafasi. Siku hiyo Fundi alikuwa anashona nepi. Binti yake wa pekee alikuwa ametimiza miezi, na uchungu ulikuwa umeanza kumnyemelea tangu asubuhi. Fundi alitwambia hivyo bila kuinua kichwa, tukamjibu Mungu amjalie, kisha tukarudi kwenye deni la taifa.

Gavana: Nchi ikiumwa inapewa dawa. Haya mageuzi ni dozi. Unabana matumizi, unaondoa ruzuku, unaunganisha vituo. Ukimaliza dozi, unapona.

Breki: Na mgonjwa akifa katikati ya dozi?

Gavana: Hapo kosa ni la mgonjwa. Mvumilivu hula mbivu.

Breki: Na ngoja ngoja huumiza matumbo.

Cherehani ikanyamaza kidogo, halafu ikaendelea.

Mama Birika: Breki, chunga mdomo. Kuna mtu anangoja mjukuu hapa.

Breki: Nimesema nchi, mama. Sijasema mtu.

Mimi: Mama Birika, mbona kahawa ya leo naona mpaka kitako cha kikombe?

Mama Birika: Nimeiunganisha. Kahawa ya birika moja sasa inapikiwa mabirika mawili. Si ndiyo mageuzi mnayoyasifia?

Tulicheka, hata Fundi alitabasamu. Breki akaona kicheko kile ni ruhusa.

Breki: Mnajua kwa nini wamefunga wodi ndogo zote, ikabaki hospitali kuu ya ng'ambo ya daraja peke yake?

Gavana: Kubana matumizi. Nimeshasema.

Breki: Akili za tarishi hizo. Sikiliza. Deni linagawanywa kwa vichwa. Kila mtoto akizaliwa, anazaliwa na fungu lake. Sasa zamani watoto walizaliwa ovyo, huyu huku, yule kule, mkopeshaji anapotelewa na hesabu. Akasema, hapana, wazaliwe jengo moja, watoke mlango mmoja, niwaone.

Gavana: Upuuzi. Hesabu ilishafanywa zamani. Faili hilo nimelibeba mimi, zito hivi! Wajukuu wetu wameshakopewa kabla hawajatungwa mimba. Wakija wengi, kila mmoja anabeba kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Mimi: Basi kama wanatakiwa wengi, wodi imefungwa kwa nini?

Gavana akapiga funda la kahawa. Akishikwa, Gavana hunywa kwanza.

Gavana: Ili wapatikane wenye nguvu. Mtoto akivuka daraja tumboni mwa mama yake, na mashimo yale ya barabara, akafika salama, huyo ni mlipaji. Huyo anakopesheka.

Breki: Kumbe wanachuja!

Gavana: Wanachuja. Mficha uchi hazai.

Mama Birika: Hiyo methali imeingiaje hapo?

Gavana: Imeingia. Serikali ilipokubali kuonyesha umaskini wake, ndipo ikapewa mkopo. Fikiri, mama.

Mama Birika: Mimi nafikiri wewe ungebaki kubeba mafaili.

Fundi akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

Fundi: Breki, wewe unajua mambo ya barabara. Basi la kuvuka daraja bado lipo saa hizi?

Breki: La mwisho limeshapita, Fundi. Tangu ruzuku iondoke hawapakii tena jioni. Wanasema abiria hawafidii mafuta.

Fundi: Mkwe wangu alitaka kumpeleka mchana. Nikamwambia uchungu wa kwanza hauna haraka.

Breki: Ni kweli, hauna haraka. Mke wangu alikaa siku nzima.

Fundi: Mkeo alizalia pale ng'ambo ya barabara.

Nilidhani maneno yangeishia hapo, ila Mama Birika alikuwa ameshika birika kwa namna ya mtu anayetaka kulirusha.

Mama Birika: Mnajua nani aliifunga ile wodi?

Gavana: Wakopeshaji. Sharti la tatu.

Mama Birika: Ni nyinyi. Kabla sijaja hapa, nikiwa bado nafagia baraza ya wodi na kuwasikia, alipita kijana wa serikali na kishikwambi, anakusanya maoni ya wananchi. Aliwanunulia kahawa benchi zima. Akauliza, hiki kituo mnakionaje? Gavana ukasema nini?

Gavana: Ni zamani hiyo.

Mama Birika: Ulisema, wodi ile ina vitanda vinne na paka watano, iunganisheni tu na hospitali kuu, wanawake siku hizi wenyewe hawazai. Breki akacheka, akasema iandike hiyo. Kijana akaandika. Wiki ile tukaitwa ofisini, tukasomewa: kwa maombi ya wananchi wenyewe. Wauguzi wakahamishwa, mimi nikapewa barua.

Breki: Tulikuwa tunatania, mama. Kijiweni watu hutania.

Gavana: Na mimi nilitoa mfano. Mfano si maoni.

Mama Birika: Na Fundi je?

Fundi: Nilipewa kikombe, nikanywa. Nikaitikia na wenzangu. Wakati ule binti yangu hajaolewa.

Alisema hayo huku akipinda ukingo wa nepi nyingine. Mimi pia nilikuwepo siku ile, na kahawa ilikuwa nzito na tamu. Breki, ambaye hawezi ukimya, akaanza kusema kwamba huenda yule kijana hakuwa wa serikali kabisa, alikuwa amevaa viatu vya kigeni, wapelelezi wa wakopeshaji huwa wanavaa vile. Hakuimaliza nadharia yake.

Mkwe wa Fundi alikuwa anavuka barabara. Mjue kwamba kijana huyu hajawahi kufika kijiweni. Alipo baba mkwe, yeye hupita mbali na kuinamisha kichwa, na akiwa na shida humtuma mkewe. Jioni ile alikuja moja kwa moja, mguu mmoja una ndala na mwingine mtupu.

Mkwe: Shikamooni, wazee.

Gavana: Marahaba.

Mkwe: Baba, damu haikatiki. Jirani yuko naye. Mtoto bado.

Mama Birika: Nyingi?

Mkwe: Imelowesha godoro mpaka chini.

Mama Birika akatua birika vibaya, likaanguka, na kahawa yote ikaenda mchangani. Hakuitazama.

Fundi: Mama Birika, wewe ulikuwa wodini.

Mama Birika: Nilikuwa nafuta sakafu, Fundi. Sizalishi mimi. Lakini damu hiyo naijua, nimeifuta sana. Twende!

Akatangulia mbio, khanga mkononi. Fundi akainuka bila kukata uzi, akamfuata na nepi mkononi ikiburuta nyuzi kutoka kwenye sindano mpaka zikakatika zenyewe. Sijawahi kumwona mtu wa umri ule akikimbia vile, na niliogopa.

Mkwe alibaki amesimama mbele ya benchi.

Mkwe: Tunampeleka wapi?

Breki akageuka kulitazama lori lake juu ya mawe, tangi kavu. Akasema neno pikipiki, halafu akalimeza mwenyewe. Mwanamke anayetoka damu namna ile unampakia vipi?

Gavana: Kwa utaratibu mpya, mgonjwa anatakiwa...

Mimi nilitazama ng'ambo, kwenye ukuta walikoyapaka rangi maneno "Wodi ya Wazazi" yasisomeke, nikaona aibu mpaka masikioni.

Kijana hakuondoka. Machozi yalikuwa yanamtoka na bado alikuwa amefumbata mikono mbele yake, maana amelelewa vizuri, hawezi kuwapa wazee mgongo kabla hawajamjibu. Na sisi watatu tuliobaki pale benchini ndio tuliokuwa wazee.