Mtu Aliyeondoka na Rota

Hii maneno niliitoa kwa mdomo wa Huguette, Mama Pitshou, yule mama wa Bukavu anayeuza kahawa pale Kisugu, Kampala, mwenye huwa ananiletea sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, Jumapili. Vuta blanketi huko, mwenzako ana baridi. Huguette haongezi chumvi kwa maneno. Akiongeza kitu ni tangawizi ndani ya birika. Pale kwake kuna benchi moja ya mbao, mguu mmoja mfupi, wameweka tofali. Nyuma ya benchi kuna kiwanja na geti ya mabati, na ndani ya kiwanja kuna kombi. Kombi ya zamani kabisa, ya uso wa mviringo, kama ile masista walikuwa wanabebea wagonjwa kule Butembo nikiwa bado msichana. Wateja wa Huguette waliikuta nyuma ya gereji moja, kuku wanataga ndani yake, mwenye gereji akasema iondoeni tu. Wanaume wanne wakaivuta na kamba mpaka Kisugu, watu wanacheka njia nzima. Sasa ni mwaka wa tano, kila Jumapili wakitoka kusali wanaitengeneza. Wanakwangua kutu, wanapaka rangi, krimu juu, bluu chini. Haibebi abiria, haibebi matoke. Wanaipenda hivyo hivyo.

Lakini upendo wao ulikuwa na wivu. Mwaka wa kwanza kioo cha pembeni kilipotea, kila mtu akamwangalia mwenzake. Wakaweka sheria: Jumapili jioni, kazi ikiisha, kila mmoja anafungua chuma kimoja analala nacho kwake, gari isitoke bila wote wanne. Mumbere, mzee Mnande wa kuuza vitenge, alibeba betri, na jina likawa Betri. Ocaya, Mwacholi aliyekuwa jeshini, alibeba usukani mzima mgongoni juu ya boda, wakamwita Usukani. Tresor kinyozi, yule anapiga pasi mpaka soksi, alivaa ufunguo shingoni, akawa Funguo. Wa nne ni Cleopas, Mkenya mpole mwenye upara. Yeye alibeba rota, kidude kidogo kama kidole gumba, kinazunguka ndani ya injini kinagawia plagi moto. Bila rota, injini ni sufuria.

Halafu ikaja sheria ya pili. Siku moja Usukani alienda kwa Betri bila kusema, akakuta ile betri inawasha televisheni, watoto wanaangalia mpira. Walinuniana miezi miwili. Tangu hapo wakapatana: hakuna mtu kumwambia mwenzake anakaa wapi. Betri mpaka akahama nyumba.

Sasa ilikuwa Alhamisi, saa kumi ya mchana. Jumapili ile kombi ilitakiwa kwa maonyesho ya magari ya zamani, jina limeshaandikwa. Waliambiana kila mtu aje na chuma chake, wajaribu injini. Watatu walikuja. Cleopas alikuwa hajaonekana Jumapili tatu, simu yake imezimwa, na rota iko naye.

Betri: Jumapili tatu, Mama Pitshou. Mutu mzima hapotei Jumapili tatu. Ule ameuza.

Huguette: Ameuza nini? Kidude cha kuenea kwa kiganja?

Betri: Hivyo ndiyo vinauzwa. Nakivubo kule wanauza mpaka meno ya zipu. Haba na haba hujaza kibaba. Leo rota, kesho injini.

Usukani: Injini ataibeba na nini, na kiganja?

Betri: Cheka, Afande. Kombi ikiisha utabaki na usukani wako, unaendesha upepo.

Funguo: Nyinyi wazee munaangalia karibu. Mimi niliona daftari.

Usukani: Daftari gani?

Funguo: Kadogo, ka karatasi za mraba. Nilimukuta anapima madirisha ya kombi na ile futi ya kuzungusha kwa kiuno. Dirisha moja, anaandika. Dirisha ingine, anaandika. Namuuliza, yaya, mkubwa wangu, unafanya nini? Akafunga daftari, akacheka.

Betri: Akacheka?

Funguo: Na meno yote.

Usukani: Hiyo si kicheko ya mutu safi.

Funguo: Nawaambia, iko anatengeneza kombi ingine. Kule kwao Kenya. Pacha ya hii. Alianza na madirisha, sasa amefika kwa rota.

Huguette: Yaani mtu anaanza gari na madirisha?

Funguo: Mwizi anaanza pale hauangalii, yaya Huguette. Kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo maana mie napiga nguo pasi.

Huguette akawajazia vikombe. Anasema siku ile walikunywa kama watu wa matanga.

Usukani: Ssebo, bwana, nyinyi mnaongea kitoto. Mimi nilikuwa jeshi. Niulizeni swali ya jeshi.

Betri: Swali gani?

Usukani: Mkenya gani hanywi chai ya maziwa?

Wakaangalia vikombe vyao.

Usukani: Miaka tano namwangalia. Kahawa. Kahawa. Kahawa. Siku moja nikamwambia Mama Pitshou amwekee maziwa. Akasema asante, hapana. Huyo si Mkenya. Ametumwa.

Betri: Na nani?

Usukani: Wale wa Kasubi, wenye kombi ya kijani. Na wao wanaenda maonyesho.

Betri: Banange, jamani.

Funguo: Na maneno yake ya mwisho munakumbuka? Alisimama hapa hapa, akasema, "Jumapili ijayo nitawaonyesha."

Usukani: Hiyo ni vitisho.

Huguette: Alisema "nitawaonyesha kitu." Mimi nilikuwa naosha vikombe, nilisikia.

Usukani: Kitu ndiyo mbaya zaidi. Angetaja jina tungejua tujikinge na nini.

Huguette: Lakini mmemtafuta?

Funguo: Nilipiga simu.

Huguette: Mara ngapi?

Funguo: Mara moja. Haraka haraka haina baraka.

Wajukuu zangu, shuku ni kama moto wa makaa. Ukikosa nyama ya kuchoma utachoma mkono wako. Walipommaliza Cleopas, wakageukiana.

Usukani: Wewe Funguo, unajua mambo yake sana. Nani alikuwa anamnyoa?

Funguo: Mimi, lakini...

Usukani: Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za Cleopas ziko wapi? Kwa sakafu yako. Kwa hiyo akili yake unayo wewe.

Funguo: Afande, ule mutu ana upara. Nilinyoa ndevu tu.

Betri: Hata ndevu ni ushahidi. Tuonyeshane vyuma. Kila mtu aweke hapa, juu ya benchi, tuone.

Funguo akavua ufunguo. Usukani akaweka usukani. Betri akaweka betri, benchi ikalia. Usukani akaiinua kidogo, akairudisha, akaiinua tena.

Usukani: Hii ni nyepesi.

Betri: Nyepesi kuliko nini?

Usukani: Ile niliyoikamata kwako inawasha mpira ilikuwa nzito.

Betri: Ile siku ulikuwa na hasira, ndiyo maana. Na huo usukani wako? Ufa ulikuwa mmoja. Naona mbili.

Usukani: Huo wa pili ni mfupa wa kidole changu, Mzee. Fungua macho.

Funguo naye alikuwa amepanda tofali lingine pale kwa geti, anachungulia juu. Akashuka polepole.

Funguo: Kutu ya mulango wa nyuma. Ile hatujakwangua bado. Ilikuwa inafanana na nini?

Betri: Na ziwa. Ziwa lenye mkia.

Funguo: Sasa inafanana na kuku.

Wakapanda wote juu ya tofali, mmoja mmoja, wakachungulia. Kuku kweli. Usukani akasema pole pole, kama mtu anasoma hukumu, kwamba hata hiyo iliyo ndani pengine si kombi yao, imebadilishwa, na yao iko Kasubi imepakwa kijani. Huguette anasema hapo hata yeye aliangalia birika lake mara mbili kama ni lake.

Ndiyo akaja dada mmoja. Mtu wa miaka thelathini hivi, begi moja begani, viatu vina vumbi. Walipomuona, Betri alifunika betri na kitenge. Usukani akaficha usukani nyuma ya mgongo, umetokeza huku na huku kama masikio.

Dada: Habari zenu, wazee. Hapa ndiyo kwa watu wa kombi?

Usukani: Nani anauliza?

Dada: Naitwa Moreen. Nimetoka Kisumu, basi imenishusha asubuhi. Mimi ni msichana wa Cleopas.

Betri: Amekutuma wewe?

Moreen: Hajanituma. Simu yake haiingii wiki tatu sasa. Mimi ndiyo mtoto wake peke yake, na mama hayuko. Nimeshindwa kulala.

Funguo: Na rota?

Moreen: Rota ni nani?

Akaweka begi chini.

Moreen: Baba alihama nyumba mwaka jana. Nikamuuliza kwako ni wapi, akasema kuelekeza ni ngumu, lakini siku nikikwama Kampala nije kwa hii benchi Kisugu. Akaniambia, "Hao watatu ni ndugu zangu. Wana maneno mengi, lakini ni ndugu zangu." Basi naomba mmoja wenu anipeleke tu. Baba anakaa wapi?

Betri aliangalia kitenge. Funguo alishika shingo pale ufunguo hukaa.

Moreen: Hata mtaa?

Akawaangalia mmoja mmoja.

Moreen: Miaka mitano mko naye kila Jumapili. Hata mtaa hamjui?

Funguo: Kulikuwa na sheria, dada.

Moreen: Sheria ya nini?

Sasa wewe ungemjibu nini, umwambie ni kwa sababu ya kioo cha pembeni? Huguette akainamisha birika, kikatoka kikombe nusu cha kahawa, na masimbi ya chini. Akampa Moreen. Ilikuwa ya mwisho.

Kisha Betri akafungua mdomo, na hakuna mtu alikuwa amemuuliza.

Betri: Mimi nakaa Kasubi. Nyuma ya kinu cha mahindi, mulango wa bluu.

Usukani: Kasubi? Kwa watu wa kombi ya kijani?

Betri: Ni majirani. Watu wazuri.

Usukani akavuta pumzi.

Usukani: Mimi Namuwongo, karibu na reli. Ukiuliza mama Aciro, ndiyo bibi yangu.

Funguo: Mie... mie nakaa pale.

Akaonyesha na kidole. Nyumba ya pili kutoka benchi.

Betri: Pale?

Funguo: Miaka tano. Kila Jumapili nazunguka kwanza mpaka Nsambya ndiyo narudi, musinione.

Huguette anasema hapo angecheka, kama si uso wa yule Moreen.

Moreen: Na kazi yake mnajua? Fundi wa cherehani?

Betri: Fundi wa nini?

Moreen: Wa cherehani. Anashona tangu nizaliwe.

Betri akajipiga paji la uso. Miaka ishirini anauza vitenge, anajua kila fundi wa mji huu, na huyu alikaa naye benchi moja akamdhani mpelelezi. Akasimama. Akasema wataanza Nakivubo kwa wenye vitambaa, waulize meza kwa meza, na giza likiingia waendelee kesho yake. Wakaondoka kwa miguu, maana kombi, ndiyo hivyo. Huguette naye akajifunga leso akawafuata. Betri, usukani na ufunguo vikabaki juu ya benchi, na geti wazi.

Eh? Walimpata, ndiyo. Tulia nimalize. Walimpata Jumamosi, Katwe, chumba kimoja nyuma ya duka la kamba. Boda ilimgonga, mguu uko ndani ya plasta, simu ilisagwa na gari hapo hapo. Sitti, jirani yake, alikuwa anamletea uji, lakini hakujua ampigie nani. Namba zote zilikuwa ndani ya ile simu. Rota ilikuwa chini ya mto, ndani ya soksi safi. Na kwa ukuta, kwenye misumari, kulikuwa na mapazia madogo ya bluu. Kila dirisha la kombi na pazia lake, kwa kipimo. Usukani alitoka nje akasema anaangalia mvua kama inakuja. Jua lilikuwa linawaka.

Cleopas akawaambia, chukueni rota, nendeni maonyesho kesho, msiniangalie mimi. Betri akamwambia, "Hapana, ndugu. Bila wote wanne gari haitoki. Hiyo ndiyo sheria." Jumapili ile wakakaa wote kwa kile chumba, Moreen akapika ugali, Cleopas akanywa kahawa bila maziwa. Walimuuliza kwa nini. Akasema maziwa yanamsumbua tumbo.

Na vyuma? Waliporudi Jumatatu vilikuwa juu ya benchi pale pale, geti wazi, kuku mmoja amelala ndani ya usukani. Kilichopotea ni kikombe kimoja cha Huguette, cha maua mekundu, na mpaka leo anamwangalia Funguo kwa jicho baya.

Haya. Zima hiyo taa, geukeni ukutani mlale. Na wewe uliyenicheka, kesho nataka uniambie yule rafiki yako wa shule anakaa wapi.