Roswitha Kubenz na Mapazia ya Waliohama

Ndugu waombolezaji, mimi Gernot, mdogo wa marehemu, nimepewa dakika tano, na mnaonijua mnajua kwamba dakika tano zangu huishia kwenye salamu.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 katika kijiji cha viazi karibu na Prenzlau, akasoma hapo hadi darasa la nane, na mwaka 1960, kijiji kikiwa hakina kazi nyingine ila viazi, akapanda treni kuja hapa Hoyerswerda kwenye makaa ya mawe, ambako nyumba za wachimbaji zilikuwa zikijengwa, akajifunza kuendesha kreni ya kuinua kuta nzima za maghorofa. Mafundi walimpigia kelele, "Binti, shuka, utapata kizunguzungu!" naye akawajibu, "Ombeni nisikipate, ukuta uko juu ya vichwa vyenu!"

Tarehe 4 Mei 1963 alifunga ndoa na Lothar, mchimba makaa, wakajaliwa mtoto mmoja, Heiko, mwaka 1966, wakaishi katika jengo alilolipandisha kwa mikono yake, ghorofa tano, familia kumi.

Mwaka 1991 kiwanda cha makaa kilifungwa, Heiko akaenda kutafuta kazi Stuttgart, mbali upande wa magharibi, akasema, "Miaka miwili tu, Mama, nitunzie chumba." Majirani nao wakafuata kazi magharibi mmoja mmoja, Lothar akafariki 1998, na kampuni ya nyumba ikawa inabomoa kila jengo lililobaki tupu. Basi Roswitha akachukua funguo za waliohama, akatundika mapazia madirishani mwao, akapanga maua, akaweka viatu vya Lothar milangoni, ili jengo lihesabiwe lina watu na chumba cha Heiko kisalimike. Bi. Jannasch wa kampuni alipouliza, "Mbona majirani zako siwaoni?" alijibiwa, "Wamelala, mwanangu, punguza sauti."

Moyo ulianza kumsumbua 2005, daktari akamkataza ngazi, akakubali kwa mdomo tu, na tarehe 12 Juni 2007 alianguka na kufariki kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, akipeleka maji kwenye maua ya watu wasiokuwepo.

Tunawashukuru madaktari, majirani mliosafiri kutoka mbali, wenzake wa kreni, na Bi. Jannasch, aliyejua kila kitu na bado akaandika "wapo" kwenye daftari la wapangaji miaka minne mfululizo. Jengo litabomolewa Septemba.

Heiko ameniruhusu nilisome na hili: alinunua nyumba Stuttgart mwaka 1999, nami nilijua, na kila Pasaka mama yake alipomwambia chumba kiko tayari, yeye akajibu, "Mwakani, Mama," mimi nikaingiza mzaha, tukacheka sote watatu, kisha dada akarudi kupanda ngazi, miaka minane.

Pumzika kwa amani, dada, kama utaweza, na utusamehe tuliojua.