Folda ya Wilfred na Benchi la Mwinyijuma

Pale Chumbageni, ubavuni mwa banda la mkaa, kuna benchi ambalo limesikia kesi nyingi kuliko mahakama. Asubuhi Mwinyijuma huwasili na dele lake la kahawa na sahani ya kashata, na wateja wake huwa wameshakaa wanamsubiri. Yupo mzee Kombo, karani wa mahakama aliyestaafu, ambaye wamemwita Hakimu kwa kuwa hukumu hazimwishi kinywani. Yupo Badru Spana, fundi pikipiki, anayeamini kila tatizo la dunia lina nati yake. Na yupo Wilfred, kijana wa Lushoto anayetunza kompyuta za zahanati ya jirani, ambaye benchi limempa jina la Seva, jina la ile kompyuta kuu ya zahanati. Alhamisi hiyo Seva alifika uso umemshuka.

— Shikamoo mzee Kombo.

— Marahaba mwanangu. Mbona kama umefiwa?

— Folda imepotea tena.

Badru akacheka mpaka kashata ikamdondoka.

— Ile ile?

— Ile ile. Umeme umekatika alfajiri, ukarudi. Seva imewaka vizuri tu, lakini programu ya foleni ya wagonjwa imegoma, kwa sababu folda inayofanyia kazi haipo. Nimekwenda nikaitengeneza kwa mkono, nikaipa programu ruhusa, ndipo mambo yakaenda. Kina mama wamekaa na watoto wao saa nzima bure.

Kwa kweli kilichomuuma Wilfred zaidi si folda, ni Mkwaja. Jumamosi alitakiwa awe huko na mshenga wake, kupeleka posa kwa kina Jenifa. Safari mbili ameshazivunja akiwa kituo cha basi kabisa, simu ikimwita: rudi, umeme umekuja, foleni haiendi. Babake Jenifa alishatuma salamu kwamba akiitwa na kompyuta mara ya tatu, basi akaoe hiyo kompyuta. Wilfred alimpenda Jenifa, na safari hii aliogopa hasa.

— Tatizo lako nalijua, akasema Badru. Ni mtikisiko. Hata pikipiki ukiizima ghafla kwenye gia ya tatu, lazima kitu kidondoke. Fungua ile mashine, folda utaikuta chini.

— Haikai kwenye chuma, Badru. Inakaa kwenye kumbukumbu ya muda. Mashine yetu inaendeshwa na mfumo wa Linux; ikizimika, sehemu ile inafutika yote. Ikiwaka inaanza tupu. Ndivyo ilivyoundwa.

— Wameiunda isahau?

— Ndiyo.

— Basi haba na haba hujaza kibaba, akasema Hakimu.

— Methali hiyo inaingiaje hapo, mzee?

— Itaingia tu, usiiharakishe. Mimi nauliza, hati ya hiyo folda iko wapi? Shahidi nani? Mle zahanati kuna mtu anafaidika nayo. Nilipata kuona kesi ya shamba la minazi kule Pangani, kila mvua ikinyesha, mpaka wake unahama.

— Mvua ilikuwa inauhamisha?

— Jirani ndiye aliyekuwa anauhamisha. Mvua ilimsitiri tu.

Mwinyijuma akagonganisha vikombe, dalili kwamba naye ana neno.

— Nyote mmepotea. Ni chumvi hiyo. Upepo wa bahari unakula mabati, unakula baiskeli, utaiacha folda? Ipake mafuta ya nazi.

— Folda haishikiki, Mwinyijuma!

— Ndiyo maana imekushinda.

— Ngojeni, akasema Badru, akasogea mbele. Mbona haipotei siku nyingine za kawaida? Kila ukitaka kwenda Mkwaja, yallah, imepotea! Jamani, ile kompyuta ina wivu. Inampenda Seva.

— Mwacha asili ni mtumwa, akaidhinisha Hakimu.

Wilfred akacheka bila kutaka. Hayo ndiyo yaliyomleta pale kila siku: shida yake ilikuwa haipungui hata chembe, lakini ikawa nyepesi kubeba.

Pembeni mwa benchi alikaa mpangaji mpya wa mtaa, Laurenti, mtu wa Korogwe. Tangu aketi alikuwa hajasema neno zaidi ya salamu. Sasa akakohoa.

— Samahanini wazee, mimi mgeni, nina swali dogo. Leo nimefika mapema mno. Benchi hili halikuwepo hapa, lilikuwa ndani ya banda la mkaa. Nikaenda kununua vitumbua, kurudi nalikuta nje, limefutwa vumbi, na mtu simwoni. Hivi huwa analitoa nani?

— Mwinyijuma, akasema Hakimu.

— Mimi? Jioni ndiyo naliingiza, mgambo wasilibebe. Asubuhi nakuja na jiko mkono huu na dele mkono huu, nalitoa kwa meno? Nikifika nalikuta. Nilijua Badru.

— Kwa mgongo wangu huu? Mimi nilijua Hakimu, ndiye anayetangulia.

— Natangulia, nalikuta! akasema Hakimu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na hukumu.

Miaka tisa wamelikalia, na hakuna aliyejua.

Wilfred akaweka kikombe chini taratibu. Kila jioni benchi linaondoka, kila asubuhi lipo, na hakuna aliyewahi kuitwa kutoka kituo cha basi aje kulitoa. Yuko mtu ambaye kulitoa ni kazi yake ya kila asubuhi, basi. Yeye kwa miezi yote hiyo amekuwa akigombana na mashine kwa nini inaifuta folda, wala hajapata kuiagiza iitengeneze upya kila inapoamka. Aliona haya, na papo hapo akafurahi.

— Unakwenda wapi? akaita Mwinyijuma. Kahawa hujamaliza!

— Nakuja, nakuja!

Hakurudi siku hiyo. Pale zahanati aliandika mstari mmoja kwenye faili ambalo mashine hulisoma kila inapowaka, kabla programu hazijaanza: tengeneza folda hii, mwenyewe ni fulani, ruhusa zake ni hizi. Mgonjwa wa mwisho alipotoka, akaizima seva kwa mkono wake, akaiwasha. Folda ilikuwepo. Akaizima tena, akaiwasha tena. Ilikuwepo.

Jumamosi alipita kijiweni amevaa shati jipya, begi begani. Akawakuta wote wamesimama, vikombe mkononi.

— Tumemjua, akasema Hakimu kinyonge. Ni Bi Chiku, mwenye banda. Hulitoa apate kufagia.

— Sasa yuko wapi?

— Kaenda Ushongo kumwona mjukuu. Harudi mpaka Jumatano.

Wilfred akatazama bandani. Benchi lilikuwa ndani, hatua tano tu kutoka waliposimama.

— Tunalijadili, akaeleza Badru.

Simu ikaita. Ilikuwa ya zahanati. Wilfred akaipokea, na Mwinyijuma akaacha kumimina.

— Wilfred, akasema nesi, umeme ulikatika alfajiri, umerudi sasa hivi.

— Na foleni?

— Foleni imefanyaje? Watu wanaingia kama kawaida. Nilitaka kukwambia, ukitoka Mkwaja usinisahau kwa kamba wakavu.

Akaikata simu, akafuta macho kwa kiganja bila kuona aibu. Kisha akaweka begi chini, akaingia bandani na shati lake jipya, akaliburuta benchi mpaka mahali pake. Wakaketi wakimshukuru na kumwombea heri, Hakimu akimkumbusha kwamba mgonjwa haulizwi uji, na yeye akalikimbilia basi la Mkwaja.

Alikuwa ameshafika barabarani aliposikia sauti ya Laurenti nyuma yake:

— Na kesho je, nani atalitoa?

Akasikiliza kidogo. Wakaanza kulijadili.