Mwalimu Makita na Watoto wa Machi

Ndugu, majirani, na ninyi wa klabu mliokaa mstari wa mbele, wifi yangu Fumie ameniomba nisome mimi historia ya marehemu kaka yangu, kwa sababu yeye amelia hadi sauti imemkauka, na mimi, Terao Sugie, sauti yangu ni ya kuuzia jodari pale Yaizu, haijawahi kukauka. Mtawa anayeongoza mazishi ametupa dakika kumi. Marehemu mwenyewe angepewa dakika kumi angezimaliza zote kwenye tarehe yake ya kuzaliwa, na mimi nilipanga kuipita haraka, lakini nimejaribu kuandika mara tatu nikaona haipitiki, maana kila alichotuchosha nacho kilianzia hapo.

Marehemu Makita Yasuharu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 1 Aprili 1952, hapa Fujieda, mtoto wa kwanza kati ya watoto wawili wa Mzee Makita Kenzo, karani wa posta, na mama yetu Tome, na alizaliwa usiku, zikiwa zimebaki dakika ishirini siku iishe. Mkunga, ambaye alikuwa ameshawafanyia watoto wengi wa mtaa wema wa kuwasogezea tarehe, alimwuliza baba, "Baba Makita, niandike tarehe mbili? Katoto kenyewe haka kadogo, kakienda shule na wale wa mwaka jana watakala kazima." Baba, ambaye hakuwahi kugonga muhuri wenye tarehe ya uongo maishani mwake, akamjibu, "Andika kilichotokea." Basi kwa jibu hilo, na kwa utaratibu wa shule zetu unaomwingiza mtoto wa tarehe moja Aprili darasani pamoja na waliozaliwa tangu Aprili ya mwaka wa nyuma, huku wa tarehe mbili akibaki nyumbani kusubiri mwaka mzima, kaka yangu alianza darasa la kwanza mwezi Aprili 1958 akiwa ndiyo kwanza ametimiza miaka sita, ameketi na wenzake waliokaribia saba, mkoba unampiga magotini.

Alisoma shule ya msingi hadi mwaka 1964, shule ya kati hadi mwaka 1967, na sekondari ya juu hadi Machi 1970, zote katika mji huu ambao mtoto asiyecheza mpira huulizwa kama anaumwa, na katika miaka yote hiyo alikuwa mfupi kuliko wote, mwepesi kuliko wote, na hakuchezeshwa hata mechi moja ya mashindano. "Makita, wewe lete maji," ndiyo amri aliyopewa na kocha wa sekondari kwa miaka mitatu, naye alileta maji. Mwaka wa mwisho akarefuka ghafla, mama akawa kila mwezi anashusha pindo za suruali, lakini timu ilikuwa imeshachaguliwa, na hakuna aliyegeuka kumtazama upya. Habari hiyo ametusimulia kila mwaka mpya mezani, kwa maneno yaleyale, mpaka wajomba wakawa wanakwenda chooni kwa zamu.

Alijiunga na chuo kikuu mjini Shizuoka mwaka 1970 kusomea ualimu wa michezo, huko ndiko alikocheza winga ya kulia na kuifaidi sana, akahitimu Machi 1974, na kuanzia Aprili mwaka huo alifundisha katika shule tatu za kati za hapa mjini kwa miaka kumi na minane.

Tarehe 14 Oktoba 1979 alifunga ndoa na Bi. Amano Fumie, binti wa wakulima wa chai wa Okabe, na nafikiri ni haki wageni wajue ndoa hiyo ilikaribia kuvunjika kabla haijafungwa. Siku familia mbili zilipokutanishwa kwa mara ya kwanza, watu wameketi kwa adabu, chai imemiminwa, kaka yangu akafungua mdomo kwa mara ya kwanza akamwuliza msichana, "Umezaliwa mwezi gani?" Msichana akasema Mei. "Aa, kumbe hukuteseka," akasema kaka yangu, akarudi kwenye chai yake. Mama yake Fumie alimvuta mama yangu pembeni akamwuliza kama kijana ni mpiga ramli. Nilikuwa nimekaa karibu, nikatamani sakafu inifunike.

Walijaliwa mtoto mmoja, Sakiko, aliyezaliwa siku ya Jumapili, na mnajua wenyewe tarehe, kwa kuwa mnamjua, 1 Aprili 1984. Wifi alianza uchungu asubuhi, na mume wake, mtu mzima, mwalimu, alisimama kando ya kitanda akamwambia, "Mama, kaza kidogo tu, kesho siyo mbali." Wifi alimrushia kikombe cha chai. Mtoto alizaliwa saa kumi alasiri, akaenda shule na wakubwa wake, akawa mrefu kuliko wote na wa kwanza darasani tangu mwanzo hadi mwisho, na kila tulipomwambia baba yake kwamba basi nadharia yake imekufa nyumbani kwake, alijibu kwamba wasichana ni habari nyingine. Mtu wa namna hiyo unabishana naye vipi?

Tarehe 1 Aprili 1992 marehemu aliacha ualimu na kuajiriwa na Klabu ya Setogawa kuwa kocha katika akademi yake ya vijana, na hapo ndipo uchovu wetu sisi wa nyumbani ulipogeuka kuwa uchovu wa mji mzima. Kila vuli klabu ilifanya mchujo wa watoto wa miaka kumi na miwili, wanakuja mia, wanabaki ishirini na wawili, wazazi wamejipanga kwenye uzio wakipiga kelele kuliko sokoni kwetu, na marehemu kila alipowatazama waliofaulu aliona watoto wenye mabega na dalili za ndevu, akiwauliza wamezaliwa lini anajibiwa Aprili, Mei, Aprili, Juni. Wale wa Januari, Februari na Machi, ambao umri wao ni mdogo kwa karibu mwaka mzima, walikuwa wameshapewa asante na maji ya chupa, wanatembea kuelekea stesheni na mama zao.

Alikwenda kwa mwenyekiti wa wakati huo akamwambia, "Hatuchagui vipaji, tunachagua kalenda." Mwenyekiti akamwambia, "Lakini Mwalimu, tumechukua kombe la mkoa." Naye akajibu, "Mmechukua kombe la kukua mapema, hongereni." Msiniulize kwa nini hakupandishwa cheo.

Mwaka 1997, baada ya kuwachosha viongozi miaka mitano, aliruhusiwa kutumia uwanja wa nyuma, ule wenye mteremko, kila Jumamosi saa tatu asubuhi, kuwafundisha wale wa mwisho wa mwaka wa shule waliochujwa, bila jezi ya klabu na bila msaidizi, kwa sharti lake mwenyewe kwamba hakuna mtoto atakayeachwa kabla hajafika miaka kumi na mitano na mwili wake haujasema neno lake. Mji ukawaita Watoto wa Machi, kwa dhihaka kwanza, baadaye bila dhihaka. Kila Jumamosi baada ya mazoezi walikula kwa wifi, sufuria mbili za wali na samaki wangu, na wifi hadi leo hajui kupika wali wa watu wawili. Sakiko alifunga ndoa siku ya Jumamosi, baba yake akaingia ukumbini amechelewa, suti juu na viatu vya mpira chini, na picha ipo, sitaki mniombe.

Wazazi ndio walionimaliza mimi. Walimwogopa yeye wakanifuata mimi dukani. "Dada Terao," aliniambia mama mmoja huku jodari wake nimeshamkata vipande, "mwambie kaka yako mwanangu ni wa tarehe ishirini na nane Desemba, siku nne tu jamani, hawezi kumhesabia Januari?" Nilimwambia katika ukoo wetu tarehe hazisogezwi. Akaondoka akamwacha samaki.

Lipo jambo moja ambalo marehemu hakulilalamikia na mimi nitalilalamikia kwa niaba yake. Ishigami Kazuto, ambaye yupo pale mlango wa pili na ambaye namwomba asiiname, alizaliwa tarehe 29 Machi 1993, akachujwa akiwa na miaka kumi na miwili kwa kuambiwa ni mdogo mno, akafundishwa miaka mitatu kwenye mteremko, akarefuka, klabu ikamchukua tena, na alipoingia timu ya wakubwa jarida la klabu likamwandika kuwa zao la mpango makini wa akademi, bila neno moja juu ya uwanja wa nyuma wala aliyekuwa akiufyeka nyasi. Nilipomwonyesha kaka yangu jarida hilo, alikuwa ameshanunua nakala kumi. "Sugie, tazama picha," akaniambia, "tazama alivyo mrefu." Ishigami alikuwa mmoja. Wengi wa wale watoto hawakuwa wachezaji wa kulipwa, ni mafundi umeme, wauguzi, wakulima wa chai, na klabu ilimkumbusha hilo kila mwaka kana kwamba wale wa Aprili walikuwa wote wamefika timu ya taifa.

Mwezi Januari 2023 marehemu alianza kuumwa tumbo, na tarehe 9 Februari madaktari waligundua saratani ya kongosho. Daktari wake, kijana mvumilivu sana, alimpangia dawa ya mshipani. "Mzee Makita, tutaanza Jumamosi." "Jumamosi kuna mazoezi, daktari." "Basi Jumapili." "Jumapili wana mechi." "Mzee wangu, ni wewe unayeumwa au ni timu?" Ilibidi Sakiko apige meza. Muuguzi aliyemchoma sindano ya kwanza aliulizwa mwezi wake wa kuzaliwa, akasema Februari, na tangu siku hiyo mgonjwa akakataa kuchomwa na mwingine yeyote.

Tarehe 17 Septemba, Mwenyekiti Suganuma wa klabu, ulikuja kumwona hospitalini, ukaleta tunda zuri la tikiti kwenye sanduku, tunashukuru. Wakati huo sote tulishasikia kwamba mkuu mpya wa akademi, kwa kutumia takwimu zake, ameona Watoto wa Machi hawana faida na uwanja wa nyuma unafaa kuegeshea magari ya mashabiki. Marehemu hakuzunguka, alikuuliza, "Watoto wangu vipi, mwakani wapo?" Nawe ulivuta hewa katikati ya meno, ukatazama dirishani, ukasema, "Tutalitafakari, Mwalimu." Mimi nilikuwa namenya pea pale pembeni. Katika nchi hii hakuna mtu mzima asiyejua kwamba neno hilo likitanguliwa na meno ni hapana, na ulipotoka kaka yangu alicheka mpaka akakohoa. "Sugie," akasema, "wameshaufunga uwanja." Halafu machozi yakamtoka, jambo ambalo sikuwahi kuliona, hata alipokufa baba. "Watakuja Jumamosi," akasema, "watakuta magari. Nani atawaambia hawakukosea kitu?" Nilimkaripia, nikamwambia ale pea, kwa sababu mimi hasira huja kabla ya machozi.

Hali yake ilibadilika tarehe 26 Oktoba, na siku ya Jumapili, tarehe 29 Oktoba 2023, saa kumi na mbili asubuhi, alifariki dunia akiwa na mkewe na binti yake, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Ameacha mjane, binti mmoja na mjukuu mmoja, ambaye ni wa Agosti na amesamehewa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule wa Februari, kwa kumtunza mgonjwa asiyeshikika, inawashukuru majirani wa mtaa waliopika matonge ya wali tangu juzi na kuwaelekeza wageni stesheni, na inamshukuru mtawa, ambaye naona ananitazama, namaliza.

Kwa wafanyakazi wenzake wa Setogawa, asanteni kwa shada, ni kubwa kuliko mlango, ilibidi tulipitishe dirishani. Nje kuna watoto kumi na tisa waliosimama na sare za shule kwa kuwa ukumbi umejaa, na tangu asubuhi kila mmoja wao amenifuata kwa wakati wake kuniuliza kwa sauti ya chini kama Jumamosi kuna mazoezi. Nimewajibu. Nina miaka sitini na tisa, goti la kulia ni bovu, na kuotea nimeelezwa kwa nusu karne na sijaelewa mpaka leo, lakini Jumamosi saa tatu asubuhi mazoezi yapo, Ishigami ataleta mipira na mimi nitaleta samaki. Mwenyekiti, hilo sikuulizi, nakuarifu. Na ikiwa magari ni lazima yaje, usimtume kijana wako wa takwimu, njoo mwenyewe ukiendesha la kwanza, utanikuta nimesimama katikati ya uwanja.

Yasuharu, kaka yangu, umenichosha tangu nilipojua kutembea. Pumzika sasa, uwe na amani, mimi Jumamosi inabidi niamke mapema.