Ardelia Tolliver Gaines, Mpiga Piano wa Sinema ya Bluebell

Ardelia, ambaye leo amelala mbele ya madhabahu ya kanisa hili la Mlima Nebo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1899 karibu na Greenwood, Mississippi, akiwa kifungua mimba wa marehemu Amos Tolliver na Bi Hester Tolliver. Alizaliwa msimu wa kupanda pamba, na Mama husema hakulia sana, alitazamatazama tu kama mtu aliyefika mahali na kuona hapamfai.

Alisoma shule ya kanisa hadi darasa la nane, kwa miezi ile ambayo pamba ilikubali kuwaachia watoto. Kinanda alijifunza kwa mke wa mchungaji. Akiwa na miaka kumi alikuwa akipiga ibada nzima, ila alipenda kuharakisha nyimbo za maziko. "Punguza mwendo, Delia," Mama alimkemea mbele ya watu, "marehemu hana treni ya kuwahi!"

Treni waliwahi wao, mwezi Mei 1917, Mama na binti zake wawili, kuja Chicago. Mwaka 1919 Ardelia aliajiriwa katika jumba la sinema la Bluebell, Mtaa wa State, kuzipigia piano picha zilizokuwa bado bubu. Hapo alipata jina. Matajiri wa kwenye picha walikata roho taratibu mno, juu ya mito ya hariri, na watu wa State walikuwa wamekwisha kumaliza machozi yao kwenye misiba yao wenyewe. Basi bibi wa kwenye picha akianza kuaga, Ardelia alimpigia wimbo wa bluzi wa kuchezea dansi, na jumba zima likavunjika mbavu. Mwandishi mmoja wa gazeti alisema wapiga piano wa namna hiyo wanaitia aibu jamii yetu. Jumamosi iliyofuata watu walipanga foleni hadi kona.

Mwaka 1921 alifunga ndoa na Bwana Lucius Gaines, mhudumu wa mabehewa ya kulala, naye Mungu akawajalia binti mmoja, Idella. Lucius akiwa safarini siku nyingi, Mama aliishi nao.

Mwaka 1922 Mama, ambaye hakuwa amewahi kuingia sinema, alikubali kwenda. Ilikuwa miezi miwili tangu amzike dada yake. Alikaa katikati ya watu, akaona mwanamke anakufa, akaanza kulia kwa dhati. Piano ikaingia na mzaha wake, na watu wote waliomzunguka wakacheka.

"Umemcheka mtu anakufa?" alimuuliza nyumbani, kofia bado kichwani.

"Mama, yule anaigiza tu! Saa hizi yuko kwao anakula kuku."

"Machozi yangu hayakuwa ya kuigiza. Sitii mguu tena pale."

Na hakutia. Kila Jumapili, wakila mkate wa mahindi na mboga, Ardelia alimbembeleza. "Njoo Mama, nitakupigia polepole." Mama aliomba chumvi. Sifa za mtaa mzima hazikumtosha Ardelia. Alimtaka msikilizaji huyo mmoja. Hayo mdogo wake, anayewasomea maneno haya, aliyaona kwa miaka saba na hakuweza kitu. Hao wawili walikuwa chuma kwa chuma.

Oktoba 1929 Bluebell ilileta mashine, picha zikaanza kusema, na Ardelia akaachishwa kazi. Hakumwambia mtu nyumbani. Kila mchana alivaa gauni lake jembamba la hariri, la kupigia piano, akaaga, akaenda kupiga pasi kwa dobi wa Mtaa wa Thelathini na Moja. Alikuwa na koti zito la sufu, lakini mpiga piano wa State hatoki na koti kuukuu kama la mfua nguo, na Mama alikuwa na macho.

Jumamosi tarehe 23 Novemba, Mama alivaa kofia ya kanisani, akaenda Bluebell peke yake. Alikaa safu ya tatu. Picha ikasema, ikaimba, ikaisha. Akamuuliza kijana wa tiketi, "Mwanangu anapiga saa ngapi?"

"Mpiga piano? Aa, mama, hao tumeachana nao tangu mwezi uliopita. Siku hizi picha inajipigia yenyewe."

Jioni Ardelia alirudi, hariri mwilini.

"Kazi ilikuwaje?" Mama akamuuliza.

"Nzuri tu, Mama. Watu wamejaa."

"Nimefurahi."

Mama hakutaka kumvunjia heshima. Ndivyo tulivyolelewa: mtu akificha aibu yake, humfunulii. Ardelia akaendelea kutoka mchana na kurudi jioni, kutoka mvuke wa pasi kuingia upepo wa ziwani, Desemba yote, Januari yote, na Mama akimtazama dirishani.

Nimonia ilimshika tarehe 3 Februari. Alilazwa hospitali siku ya tano ya ugonjwa, akapoteza fahamu siku ya sita. Mama alifika kitandani siku ya saba akiwa tayari kusema, akasema kila kitu, kwamba alijua tangu Novemba, akarudia, akasema kwa sauti hadi muuguzi akamshika mkono. Ardelia alifariki Jumanne, tarehe 11 Februari 1930, bila kufumbua macho. Mama ameomba yaandikwe na yasomwe hapa, mbele ya jeneza, kwa kuwa hajui mahali pengine pa kuyapeleka.

Ameacha mume, Lucius; binti, Idella, mwenye miaka sita; mdogo wake, Cleotha; na mama yake mzazi, Bi Hester, aliyekwenda kumsikiliza.

Bwana ampumzishe kwa amani. Sisi tuliompenda hatukujua namna ya kumpumzisha.