Papa Constantin, Aliyekataa Majeneza Yasimame Barabarani

Baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, Papa Constantin Zagabe anaiacha Karakana Mapendo leo, tarehe 31 Agosti 2002. Aliingia mwaka 1971 kama mpiga randa, na tangu 1978 ndiye aliyekuwa akitutafutia wateja. Mimi Martine, mshonaji wa magodoro na mito wa karakana hii hii, nimeombwa na gérant wetu, yaani meneja, bwana Guy, niandike ukurasa wa furaha wa kusomwa kwenye sherehe. Nitaandika. Furaha nitaiweka mahali ilipo, na pale isipokuwepo msinilazimishe.

Mwaliko wenu unasema Papa Constantin "ameomba kupumzika". Hakuomba. Tuanze hapo, tusinywe soda juu ya uongo.

Kazi yake ilikuwa kuwakumbusha watu wa Bukavu kwamba tupo. Hapa mjini harusi nyingi hufungwa kiangazi, kwa hiyo mwezi wa saba kila karakana hupiga kelele, hupaka kibao chake rangi na kutoa vitanda nje. Mvua ikikolea mwezi wa kumi, kimya, kama vile watu wameacha kulala. Papa Constantin hakuijua kazi ya msimu. Kila siku, mvua au jua, kitu kimoja chenye vernis mpya, ile rangi ya kung'arisha mbao, kilisimama mbele ya lango letu, kwenye barabara inayoteremkia mtaa wa Muhumba: kitanda, meza, kabati, kitanda cha mtoto mchanga. Kila Jumatatu alikibadilisha. Mzee Télesphore, mwanzilishi wa karakana na baba yake Guy, alilalamika kwamba vernis inaharibikia mvuani bure. Akajibiwa hivi: "Mutu hanunuake kitanda siku anaiona. Anaiona leo, anaenda, anaiwaza. Siku ya kuoa anakumbuka ni wapi aliionaka." Mzee Télesphore, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kusikia. Alitoa pesa ya vernis.

Jumapili alibeba kigoda kichwani, leo parokia hii, wiki ijayo parokia ile, wakati mwingine mpaka Mudaka, nje kabisa ya mji, kwa miguu. Misa ikiisha alikiweka mlangoni na kuwaita wazee wa kike waliochoka kusimama: "Ikala kwanza, maman. Bei tutaisema siku ingine." Siku ya Bwana hakuuza kitu. Lakini watoto wa kina mama hao walipotafuta meza au kabati, walikuja kwetu, Februari kama Julai.

Tulimcheka sana. Alipenda kuimba njiani, na Mungu alimnyima sauti. Kiangazi kimoja usingizi ulimshika mchana kweupe juu ya kitanda cha maonyesho, watu wakajaa wakidhani amekufa. Alipofumbua macho aliwauliza kama kuna mwenye swali kuhusu godoro. Wiki ile nilishona magodoro ya wateja mpaka vidole vikavimba.

Kisha vita. Mwaka 1996 walipita wenye bunduki wakapikia mbao zetu. Mwaka 1998 walikuja wengine, wakabeba jenereta na msumeno wa umeme. Sitawataja. Kila mmoja wetu anawajua na kila mmoja anaogopa, na woga huo nao unanikasirisha.

Tangu hapo tunachonga majeneza kuliko vitanda. Sanduku, kama tunavyosema hapa. Lazima yachongwe, maana wafu wetu wana heshima yao, na Papa Constantin mwenyewe alikagua kila pembe. Jambo moja tu alilikataa: yasisimame barabarani. Aliyaweka uani nyuma ya karakana, chini ya shitingi, zile turubai za wakimbizi. "Wenye kufiwa watatuuliza," alituambia. "Wenye kuishi ndio tunapashwa kuita."

Na barabarani, risasi zilipotulia tu, akatoa kitanda cha mtoto mchanga. Watu walimtukana. Mmoja alitema mate miguuni pake. Ndipo akapita mwalimu Agathe, aliyekuwa amerudi kutoka ukimbizini akiwa na mimba kubwa. Alisimama mbele ya kitanda kile akalia kwa sauti, kisha akauliza kama kuna kingine kipana kidogo. Mwanawe alilala humo, na mpaka leo Agathe ndiye anayetuletea walimu wenzake. Nionyesheni tangazo lililofanya kazi hiyo.

Mzee Télesphore alipofariki mwaka jana, Guy alichukua funguo na akaona mambo kwa jicho lingine. Majeneza ndiyo yanayotoka, basi yapelekwe mbele, yang'arishwe, msalaba uelekee barabarani. "Soko ndiyo inaomba hivyo, Papa," alisema. Papa Constantin alikataa, akakataa tena. Mwezi wa tano, Papa akiwa Mudaka, majeneza mawili, moja la mtoto, yalisimamishwa pale pale penye kitanda. Agathe akapita na mwanawe. Mtoto akamuuliza mama yake kama hicho kidogo nacho ni kitanda.

Papa Constantin aliporudi hakupiga kelele. Aliyarudisha uani pamoja na maseremala, akapangusa vumbi, akatoa kitanda. Mwezi uliofuata Guy alimwambia aondoke; huko ndiko "kuomba kupumzika". Zawadi yake ya leo ni kiti cha mikono ambacho mteja alikirudisha kwa sababu kinayumba. Papa ameshukuru kwa adabu. Mimi sishukuru.

Ndiyo, nina hasira, na aliyeniomba furaha angemwomba mwingine. Guy, nilikubeba mgongoni ukiwa mdogo, ndiyo maana nakusema mbele ya watu. Karakana inayomwonyesha mtu jeneza lake kila asubuhi anapokwenda kutafuta riziki itauza, sikatai. Itauza mpaka vita viishe. Siku hiyo hakuna bibi harusi atakayekanyaga lango letu, kwa sababu atakuwa amelizoea kama mlango wa kilio, na njaa hiyo tutaila sisi, si wewe peke yako. Baba yako alilielewa hilo. Wewe umesoma biashara mpaka chuo kikuu, na bado unawatafuta wateja wako makaburini.

Jana maseremala wote walikaa kikao, nami nikiwemo, na wamenituma niseme hapa. Majeneza tutaendelea kuyachonga, vizuri, kwa kila anayekuja kuuliza. Lakini hakuna hata mmoja wetu atakayeyabeba kuyapeleka barabarani. Bwana Guy akitaka yasimame huko, ayabebe mwenyewe. Atagundua kwamba jeneza, hata likiwa tupu, halibebwi na mtu mmoja.

Papa Constantin, asante kwa kila asubuhi uliyotutangulia langoni. Nenda kwa mkeo, Maman Virginie, ulale mpaka jua liwe juu, umchoshe yeye sasa kwa nyimbo zako. Mungu akutunze, akuongezee miaka, na uione kwa macho yako hiyo amani uliyoiandalia vitanda muda wote huu.